Kijijini Utaitwa Daktari Kabla Hujawa

*Daktari wa watoto anajibu barua za wasomaji*

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, mzaliwa wa Temeke. Chuo kimenipangia wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya wilaya mkoani Simiyu, kuanzia Februari. Ukweli nimevunjika moyo. Wenzangu wanabaki Muhimbili ambako kuna CT skani, MRI na mabingwa wa kila fani. Mimi naambiwa naenda mahali ambapo hata eksirei ni bahati. Kisukuma sijui hata neno moja. Nitajifunza nini huko? Nibebe nini? Na linaloninyima usingizi ni hili: nikikutwa peke yangu na mgonjwa mahututi, nifanyeje? — *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana imenirudisha mwaka 1999. Nilikuwa mwaka wa nne kama wewe, jina langu likabandikwa ubaoni kwamba naenda hospitali ya wilaya Kanda ya Ziwa, nami nikajifungia chooni bwenini nikalia. Kwa hiyo sikulaumu hata kidogo.

Nianze na swali lako la mwisho, ndilo zito kuliko yote.

Ukishuka kwenye basi na koti jeupe mkononi, umeshakuwa daktari. Kijana wa bodaboda atakuita daktari, mama ntilie atakuita daktari, bibi wa miaka sabini atapiga goti kukusalimia na kukuita daktari. Kule hakuna anayejali kama wewe ni mwaka wa nne, intani au bingwa. Jina hilo ni tamu wiki ya kwanza, na ndilo litakaloweza kukuponza. Mtu akishaitwa daktari mara hamsini kwa siku, huona aibu kusema hajui, na aibu hiyo humwua mgonjwa. Jizoeze kutamka kwa sauti, hata mbele ya kioo ukiwa bado Temeke: "Mimi ni mwanafunzi. Ngoja nimwite mkubwa wangu." Ukilala umechoka na ukaamshwa saa tisa usiku, maneno hayo yatoke yenyewe.

Nikueleze nilivyojifunza hilo. Wiki yangu ya tatu, usiku, baba mmoja alifika na mtoto wa miaka kama miwili mgongoni kwa mkewe, wamekuja kwa baiskeli. Homa siku ya nne, mtoto anapumua harakaharaka, mikono ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia. Daktari wa zamu alikuwa thieta. Mimi kichwani nilikuwa na ukurasa wa kitabu: mikono baridi, mapigo ya haraka, mpe maji ya mshipani, mengi na upesi. Nikaweka kanula mara ya kwanza tu, nikajiona hodari, nikaifungua dripu ikaanza kumiminika.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alikuwa anabadilisha shuka kitanda cha pili. Hakunikemea mbele ya wazazi. Alikuja, akaifunga dripu, akafungua kiganja cha mtoto na kukilaza juu ya kiganja changu. Kilikuwa cheupe kama karatasi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu anataka damu. Hawa ukiwajaza maji, wanakwenda." Akamtuma mlinzi amwamshe mtu wa maabara, baba akapimwa, akatoa damu, na saa nane na nusu mtoto akaanza kuongezewa. Siku ya sita alitoka wodini akitembea mwenyewe, kashika kipande cha kiazi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo lilipo jibu la "nitajifunza nini huko". Mwaka 2011, miaka kumi na miwili baada ya usiku ule, ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao FEAST. Ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, ambako watoto waliandikishwa katika hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walifuatiliwa. Waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Wasiopewa maji hayo ya haraka, walifariki 7 katika kila 100. Dunia nzima ilishtuka, kwa sababu ukurasa ule niliokuwa nao kichwani ulikuwa ukurasa wa dunia nzima. Muuguzi wangu hakuwa amesoma utafiti huo, haukuwepo. Yeye alikuwa ameketi na watoto hao usiku baada ya usiku kwa miaka, akaona. Na swali lililowashughulisha maprofesa halikujibiwa kwenye chumba cha MRI, lilijibiwa kwenye wodi za watoto za namna ile ile unayoiogopa.

Mashine hizo sizidharau, nazitumia na zinaokoa watu. Lakini wewe una maisha yote ya kukaa nazo. Wiki nane hizi ni zako za kujifunza kuona kwa macho, kusikia kwa masikio na kupapasa kwa vidole, na ujuzi huo ukishaupata hata Muhimbili utakuweka juu ya wenzako.

Simiyu utaona nini? Malaria kwanza. Utamwona mtoto wa degedege aliyepitishwa kwa mganga wa kienyeji kabla ya kuletwa, na mama yake atakuwa anaogopa kukwambia. Usimgombeze. Ukimgombeza yeye leo, kesho jirani yake atachelewa zaidi. Pima sukari, pima kwa kipimo cha haraka, na dawa ya malaria kali siku hizi ni sindano ya atesuneti: saa sifuri, saa ya 12, saa ya 24. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, aliyefikia kilo 20 na kuendelea hupewa 2.4. Zikariri hizo ndani ya basi.

Utaona seli mundu nyingi, maana Kanda ya Ziwa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo nchini. Mtoto mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa, usiishie kumwuliza mama juu ya mtoto huyu. Uliza kwa upole amezaa wangapi na wako hai wangapi. Jibu lake mara nyingi ndilo kipimo cha kwanza. Ukiona uvimbe wa taya unaokua kwa kasi kwa mtoto wa miaka mitano au sita, meno yamelegea, fikiria Burkitt, saratani ya watoto, na umkimbilie msimamizi siku hiyo hiyo. Na mvulana wa kando ya maji anayekojoa damu huenda asiseme kabisa, kwa sababu marafiki zake wote wanakojoa damu na yeye anadhani ndivyo ukubwa unavyoingia. Kichocho hicho.

Halafu kuna jambo ambalo Dar hungeliona: pamba. Unaenda Februari, wakati wa kunyunyizia. Atakuja mkulima aliyepuliza dawa bila kinga, kifua wazi, upepo ukamrudishia, au kijana aliyeinywa kwa makusudi baada ya ugomvi nyumbani. Mate yanamtoka, jasho, anatapika, amejikojolea, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwanza vaa glavu, mvue nguo, aoshwe. Kisha atropini. Mimi nilifundishwa na afisa tabibu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Alisimama nami kitandani kwa muda wa saa tatu, tunachoma, tunasubiri dakika tano, tunasikiliza kifua, tunaongeza dozi. "Usiangalie mboni peke yake," aliniambia, "sikiliza kifua mpaka kikauke." Alinishika mkono akaupeleka kwenye kwapa la mgonjwa nihisi jasho linavyopungua. Kifua kilipokauka, niliona mtu anarudi duniani. Na yule aliyekunywa kwa makusudi, akizinduka usimwache bila mtu wa kuongea naye. Kaa wewe mwenyewe kama hakuna mwingine.

Nimewataja muuguzi na afisa tabibu makusudi. Utawakuta pia madaktari wasaidizi, ambao kwa miongo mingi ndio waliobeba upasuaji wa uzazi katika wilaya za nchi hii. Huenda shahada yako itakuwa kubwa kuliko yao. Mikono yao imepita mahali ambapo yako haijafika. Ukiingia chumba cha leba, omba ruhusa kwa mkunga kwanza, mwambie jina lako, uliza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, anaijazaje, kisha kaa chini na mama mmoja tangu anaingia hadi anajifungua. Usirukeruke kutoka mama huyu kwenda yule kutafuta idadi ya kujaza kwenye kitabu chako cha mafunzo.

Omba pia siku mbili tatu zahanati. Hospitali ya wilaya inampokea mgonjwa akiwa ameshachelewa, zahanati ndiko unakoona kwa nini amechelewa. Kule utamkuta mhudumu mmoja anapima wajawazito, anachanja, anafunga vidonda na jioni anajaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, kwa tochi. Vijaze naye. Utamwona akipiga 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, kuita usafiri wa mama aliyepata kifafa cha mimba, na wakati gari linasubiriwa anampa magineziamu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa mbuga huwa kama gundi. Hesabu mwenyewe kwa saa yako, tangu simu ilipopigwa mpaka mama alipoingia thieta. Hesabu hiyo haimo kwenye kitabu chochote ulichosoma.

Kisukuma: asubuhi ni "mwangaluka", na asante ni "wabeja". Anza na hayo mawili, mengine watakufundisha kwa furaha. Wazee wengi, hasa kina mama, Kiswahili chao ni cha shida, kwa hiyo utahitaji mkalimani kila siku. Mwombe muuguzi. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri mambo ya siri ya mama yake. Nimeona binti wa miaka kumi na miwili akiulizwa amwulize mama yake kuhusu kutokwa na uchafu ukeni. Wote wawili walitazama chini, na historia tuliyoipata haikuwa ya kweli.

Vya kubeba: saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, kwa sababu pumzi za mtoto huhesabiwa dakika nzima. Tochi ya kichwani, pawa benki, gambuti, chandarua, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni ukiweza kununua, boksi la glavu zako mwenyewe, daftari gumu. Kamilisha chanjo ya homa ya ini B kabla hujapanda basi, na siku ya kwanza uliza dawa kinga ya VVU inatolewa wapi mtu akijichoma sindano. Mwisho wa kuianza ni saa 72, lakini wewe usifikishe hata mbili. Chakula usihofu. Ukikaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kula.

SWALI: Habari za kazi daktari. Mimi ni muuguzi mkunga hospitali ya wilaya, mwaka wa kumi na saba sasa. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa udaktari na wengi ni watoto wazuri. Lakini mwaka jana mmoja alimpiga picha mama akiwa leba, akaiweka kwenye stetasi ya simu yake na maneno ya kujisifu. Sura haikuonekana vizuri, lakini kanga ilionekana, na huku kwetu kanga inatosha kumtambulisha mtu. Mume wake aliiona. Tuliumia sana. Tuwaambie nini hawa vijana? — *Mkunga, Kanda ya Magharibi*

JIBU: Dada yangu, pole sana, na nakupa pole ya pekee kwa niaba ya mama huyo. Yeye hakuja kuwa mada ya mtu. Alikuja na uchungu wake, akavua nguo zake mbele ya wageni kwa sababu aliwaamini.

Hili ni kosa la maadili, na siku hizi ni jambo la sheria pia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Kuziba sura hakutoshi, kama ulivyosema mwenyewe kwa habari ya kanga. Kijijini mtu hutambulika kwa kovu la mguu, kwa sauti, hata kwa kikapu kilicho pembeni ya kitanda.

Na ridhaa? Mwanafunzi atasema, "Nilimwomba, akakubali." Mama aliye katikati ya uchungu, anayeamini kwamba mwenye simu ndiye atakayemwokoa yeye na mtoto, anaweza kukataa kweli? Mimi sikubali kabisa kuita hiyo ridhaa. Kama picha inahitajika kwa matibabu, kwa mfano kumwonyesha bingwa kidonda, basi ipigwe kwa idhini ya mganga mfawidhi, mgonjwa aelezwe kwa lugha yake inaenda kwa nani, aandike au aweke dole gumba, na ifutwe kwenye simu ikishafika.

Ninachokuomba ufanye ni hiki. Wakija wanafunzi wapya, msiwaache waingie wodini moja kwa moja. Muombeni mganga mfawidhi muda wa saa moja katika asubuhi yao ya kwanza, na mwenye kuzungumza awe wewe, usimwachie daktari. Waambie habari ya kanga hiyo bila kutaja mtu wala kijiji. Vijana wengi hawana ubaya, hawajawahi kuishi mahali ambapo watu wote wanajuana. Simu zibaki ofisini wakati wa leba. Waonyeshe pazia liko wapi, na kama halipo, waonyeshe kanga mbili mnazofunga kwenye kamba badala yake. Halafu wafundishe kusalimia kabla ya kugusa. Nimewahi kumwona mwanafunzi mwerevu sana, wa kwanza darasani, akimpapasa mzee tumbo bila hata shikamoo. Mzee alivumilia, kisha akatoroka usiku na dripu mkononi.

Huyo kijana wa mwaka jana, kama mnajua alipo, chuo chake kiandikiwe. Siombi afukuzwe. Naomba aambiwe kilichompata mama yule baada ya ile picha, kwa maelezo yote, ajue.

SWALI: Shikamoo mama. Niko wiki ya pili ya mafunzo, mwaka wa tano. Daktari anayenisimamia amesafiri na wodi ya wanaume nimeachiwa mimi. Naandika dawa, nasaini, wauguzi wanatekeleza. Jana nilimruhusu mgonjwa mwenye kifua kikuu na usiku nikaanza kuwaza kama dozi niliyomwandikia inaendana na uzito wake. Wagonjwa ni wengi na nikikataa hakuna mwingine. Nifanyeje? — *Msomaji, jina limehifadhiwa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Jambo la kwanza ni mgonjwa huyo, mengine baadaye. Leo hii mtafute mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, kila wilaya anaye. Mpe jina na kijiji, uzito ulioandika na idadi ya vidonge. Yeye ndiye mwenye rejista na ndiye atakayemfuatilia, na kama kuna kosa linarekebishika bila shida mapema hivi. Usimwogope. Atafurahi kwamba umekuja mwenyewe.

La pili: hujasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Saini yako peke yake kwenye faili haitoshi kisheria na haimlindi mgonjwa. Najua unasema hakuna mwingine. Nilisema hivyo hivyo nikiwa kijana. Lakini hospitali haiwezi kukosa kabisa mtu mwenye usajili, yupo daktari wa wodi ya kina mama, yupo mganga mfawidhi mwenyewe, yupo daktari msaidizi au afisa tabibu wa zamu. Tatizo ni kwamba wodi ikionekana inaenda, hakuna anayekumbuka kwamba inaendeshwa na mwanafunzi. Ukinyamaza na kujitahidi, unawaficha jambo wanalotakiwa kulijua.

Nenda ofisini kwa mganga mfawidhi kabla ya raundi ya jioni. Usiende na malalamiko, nenda na karatasi yenye orodha ya wagonjwa waliolazwa, ugonjwa wa kila mmoja, na alama nyekundu kwa wale watatu au wanne wanaokutia hofu. Mwambie: "Naomba mtu wa kupitia hawa pamoja nami kila asubuhi na kusaini." Orodha ya namna hiyo ni vigumu kuikataa. Akikataa, au akisema subiri msimamizi arudi, mpigie mratibu wa mafunzo chuoni kwenu jioni hiyo hiyo, na umtumie ujumbe wa maandishi pia ubaki.

Mpaka mtu huyo apatikane, endelea kuwaona wagonjwa, pima, andika ulichokiona, pendekeza, lakini usianzishe dawa mpya wala kumruhusu mtu kwa saini yako. Wauguzi waeleze kwa nini, wasidhani umesusa. Na babu aliye kitanda cha dirishani, maana kila wodi ina mmoja asiye na ndugu, awekwe wa kwanza kwenye orodha. Ukishaonana na mganga mfawidhi niandikie tena, nitasubiri barua yako.